Turubai la Mzee Apolinari

Mtu akikwambia kiti ni kiti tu, ujue hajawahi kuishi nyumba moja na Mzee Apolinari wa Kinyerezi. Kwa Apolinari kiti ni chuma, na chuma hakitupwi. Alikuwa na viti kumi na viwili vya uani, vya bomba la chuma na kamba za plastiki za kusuka, alivyovinunua akiwa karani kijana, wakati binti yao Deodata ndiyo kwanza anatambaa. Leo Deodata ni mwalimu huko Dodoma na ana wanawe wawili, na viti bado vipo. Kamba zimekatika, kutu imekula miguu, kimoja kimekosa mkono kabisa, lakini vipo. Katika hivyo kumi na viwili, vya kukalia bila kufikiria vilikuwa vitatu. Vilivyobaki vilirundikwa nyuma ya nyumba jirani na banda la kuku, na yeyote aliyeviulizia alijibiwa kwamba vinasubiri kutengenezwa. Apolinari alilisema hilo kwa utulivu kabisa, kama anayetoa habari za mgonjwa anayeendelea vizuri.

Mgonjwa huyo alikuwa akiendelea vizuri kwa miaka tisa.

Aliyeteseka ni mkewe, Avelina. Jumuiya yao ya kanisani husali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani yako, na mwenye zamu hadaiwi makubwa. Anatakiwa awe na pa kukalisha watu, basi. Mwezi wa pili zamu ikafika kwa Apolinari. Wageni wa kwanza wakapewa viti vitatu vizuri, vijana wakakaa kwenye matofali, na Mama Tusajigwe, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa Tukuyu mwenye mwili wa kutosha na heshima ya kutosha, akachelewa. Apolinari mwenyewe ndiye aliyemletea kiti cha nne kutoka nyuma ya nyumba, akakifuta kwa mkono wa shati, akamkaribisha. Walikuwa kwenye Matendo ya Uchungu, tendo la tatu, kiti kikaachia. Hakikuvunjika kwa kishindo. Kilifunguka miguu polepole, na Mama Tusajigwe akashuka nacho, rozari mkononi, akaimalizia Salamu Maria akiwa ameketi mchangani. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka litania ikaisha. Ilipoisha, walicheka mpaka barabarani.

Zamu iliyofuata nyumba ile ikarukwa. Ikarukwa tena. Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililomuuma Avelina, maana watu wa jumuiya huwa wanasema kila kitu. Akaanza kupita njia ya nyuma akienda dukani.

Akatafuta suluhisho kama mtu mwenye akili timamu. Barabarani kuna jamaa wanauza seti mpya za bustani, viti na meza na mito yake, akampeleka mumewe akazione. Apolinari akazizunguka, akainama, akagonga mguu wa kiti kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza. Akatangaza kuwa ndani mna bomba jembamba la kufungia pazia na nje limevikwa plastiki. Chuma hamna. Akamshukuru muuzaji kwa muda wake na kurudi nyumbani kwa miguu, mkewe akimfuata nyuma. Jioni ile Avelina akakunja nguo kwenye begi. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema tu, "Baba Deodata, mie nimechoka kuishi na vitu vinavyosubiri kutengenezwa. Siku ukiwa na pa kukalisha watu, utanikuta Kiwalani kwa Marietha." Marietha ni mdogo wake. Akaondoka, na geti akalifunga vizuri, ambalo ni jambo baya zaidi kuliko kulibamiza.

Sasa hapo mtu mzima angefunga safari kesho yake, akaenda Kiwalani, akasema mke wangu nimekosa. Apolinari si mtu wa kwenda mahali mikono mitupu. Akaona aibu hata kusema mke kaenda wapi. Hashil, mwenye duka la pale kona, mtu ambaye ukoo wake umeuza sukari Buguruni tangu babu yake atoke Arabuni, alipomuuliza mbona Mama Deodata haonekani, Apolinari akajibu kwamba hajisikii vizuri, yuko kwa mdogo wake amepumzika. Hashil akamwambia mkewe, Khulud. Khulud akauliza tena baada ya siku chache, na Apolinari, kwa kuwa karani hapendi majibu ya jana yafanane mno na ya leo, akaongeza kidogo. Akasema hali si nzuri sana. Wiki iliyofuata akasema tumwachie Mungu. Hakuona ubaya. Hali yake yeye ndiyo haikuwa nzuri, na alikuwa kweli anamwachia Mungu.

Maana alimkumbuka mno, tusifichane. Alikunywa chai na mkate asubuhi, mchana na jioni. Alilala upande wake uleule wa kitanda, mkono ukienda kupapasa upande wa pili. Alimpigia simu mara mbili. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa, na Avelina akauliza neno moja tu, "Viti?" Apolinari akasema ndiyo anaanza. Simu ikakatwa.

Akaanza kweli. Akaviingiza viti kwenye guta la matairi matatu, akavipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale njia panda, akasimama juu ya kichwa cha fundi yule mpaka kila mguu ukapigwa kiraka. Akaenda Buguruni kutafuta kamba, kwa sababu Buguruni ndiko zinakouzwa kwa bunda. Akanunua rangi ya kahawia, ambayo haionyeshi uchafu, akafika nayo mpaka nyumbani, akaiweka mezani, akaitazama. Kisha akapanda gari tena kurudi Buguruni kuibadilisha, achukue ya bluu. Avelina anapenda bluu. Muuzaji alimuuliza sababu ya kubadilisha na yeye akajibu kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzito.

Akakwangua kutu kwa brashi ya waya, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka, akapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kusuka hakujua. Akakifumua kiti kimoja kizima ili ajifunze kamba zinavyopita, na kwa siku mbili nyumba ikawa na viti viwili vya kukalia badala ya vitatu. Lakini akajifunza. Vya kwanza vilitoka vimepinda, akavifumua akarudia. Cha tano kilipokaa sawa, alikikalia peke yake uani, mikono juu ya mikono ya kiti, na akajisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu siku aliyostaafu.

Ilibaki rangi ya juu. Akapaka kiti cha kwanza nyuma ya nyumba, na kuku wakakipitia kikapata manyoya. Ndani hapakufaa, harufu ya tina ya kuchanganyia rangi ingemuua. Ikabidi ahamie mbele, kwenye uwanja unaotazama barabara. Huko nako kuna vumbi, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kuchungulia. Basi Alhamisi akachimbia miti minne, akalitoa lile turubai lililofunika saruji wakati wa kujenga nyumba, akalifunga. Chini yake akavipanga viti mistari mitatu, vinne vinne, vyote vimetazama upande mmoja unakotoka upepo. Karani ukimpa vitu zaidi ya viwili, lazima avipange mstari. Ijumaa jioni akakusanya kamba zote za zamani kuzichoma, na kwa kuwa plastiki bila kuni haiungui ikaisha, akasogeza gogo kubwa pembeni ya turubai akaliwasha. Kamba ziliisha mapema. Gogo likaendelea kufuka hadi asubuhi.

Sasa wewe ukiwa mkazi wa Dar, umetoka zako Jumamosi asubuhi, ukaona mbele ya nyumba ya mtu pamefungwa turubai, viti vimepangwa mistari chini yake, gogo linafuka pembeni, na mwenye nyumba ameinama hasemi na mtu, na unajua mke wake alikuwa mgonjwa kwa mdogo wake mpaka akaachiwa Mungu, huulizi. Hakuna anayeuliza. Unarudi nyumbani kubadilisha nguo.

Wa kwanza kufika ni Hashil. Alikuja amevaa kanzu, na mkononi kabeba kilo kadhaa za sukari na majani ya chai ndani ya mfuko. Apolinari alikuwa kwenye mstari wa nyuma, anapiga mkono wa pili wa rangi. Wakasalimiana kwa sauti ya chini. Hashil akaweka mfuko barazani, akasimama akitazama viti, akagusa mkono wa kimoja, akatikisa kichwa. Alisema kazi nzuri. Apolinari akajaa fahari. Akamwambia akae tu viti vya mbele, hivyo vimeshakauka, ila vya nyuma bado. Hashil akaketi mstari wa mbele, akaweka mikono magotini, akatazama barabara.

Apolinari aliona hilo ni jambo la kawaida. Mtu ametengeneza viti, jirani amekuja kuvijaribu. Na sukari? Hashil ni mwenye duka, huenda ilikuwa imemzidia.

Akaja Gervas wa nyumba ya tatu, akasalimia, akaketi. Wakaja wanaume wawili wa jumuiya, wakaketi. Apolinari akazidi kufurahi, akamwelekeza kila mmoja kiti kikavu. Walikuwa hawaongei sana. Walisema kidogo habari za mvua, kidogo habari za mpira, kisha wananyamaza. Apolinari aliwaza kwamba kumbe watu huvutiwa na kazi ya mkono, na kwamba Avelina angeiona hii. Akapanga kumpigia simu jioni amwambie kuwa viti vimejaa watu na hakuna aliyeanguka.

Ndipo wakaingia kina mama. Walikuja kwa kundi, Mama Tusajigwe mbele na Khulud nyuma na sinia. Hawakusimama kwenye viti hata dakika. Walijifunga khanga viunoni wakapitiliza uani, na muda si muda Apolinari akasikia masufuria yake yanasuguliwa.

Brashi ikasimama hewani.

Mtu haji kwako na khanga kiunoni akakusugulia sufuria kwa sababu ya viti. Apolinari si mtu wa kwenda sana kwenye shughuli za watu, lakini utaratibu anaujua. Anaujua vizuri, kwa sababu alishawahi kuushiriki. Mwaka juzi kijana wa Gervas alipopata ajali ya pikipiki akafariki, Gervas alikuwa hajui. Hivyo ndivyo inavyofanyika, mwenye msiba anakuwa wa mwisho kujua. Kwanza watu wanajaa, wanakaa, wanaongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu, wanamsubiri mtu mwenye ulimi wa kusemea. Apolinari alikuwa mmoja wa waliokaa sebuleni siku ile. Aliongea bei ya saruji. Gervas alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na wao wakasubiri. Alipokiweka kikombe chini, ndipo walipomshika mikono wakamwambia.

Apolinari akahesabu watu wake kichwani. Wazazi walishatangulia zamani. Kaka yake Erasmus walizungumza naye jana usiku, alikuwa mzima na analalamika goti. Deodata alituma picha ya watoto asubuhi hiyohiyo. Akafika kwa Avelina, na hesabu ikaishia hapo.

Akaichovya brashi kwenye kopo, akaenda nayo taratibu mpaka nyuma ya choo. Huko akatoa simu, akapiga. Yule dada wa kwenye mtandao akamwambia kuwa namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Yule dada akarudia vilevile, kwa adabu ileile. Apolinari akakaa ameegemea ukuta wa choo. Alitaka kulia na hakuweza, alitaka kwenda kuwauliza na hakuweza. Aliona kwamba maadam hajaambiwa, jambo lenyewe halijawa. Avelina yuko Kiwalani, amenuna, anaosha vyombo vya Marietha. Mpaka mtu afungue mdomo, Avelina yuko Kiwalani.

Basi akarudi kwenye viti vyake, akachuchumaa mbele ya kiti cha mwisho cha mstari wa nyuma, akaendelea kupaka.

Hapa sasa uone mambo ya watu. Wale waliokaa walikuwa wanamsubiri Apolinari awaambie. Turubai kafunga yeye, viti kapanga yeye, moto kawasha yeye, mke ni wake. Walitaka wasikie kafariki lini, mwili uko wapi, wanazika hapa au wanasafirisha kwenda kwao Kibosho. Lakini mwenye msiba anapaka rangi. Gervas alinong'ona kwamba ni mshtuko, mtu akifiwa akili inashika kitu kimoja. Khulud alichungulia kutoka uani, akaona jinsi mzee yule anavyopitisha brashi palepale, juu chini, juu chini, macho mekundu, akajifuta kwa mtandio akarudi ndani. Mama Tusajigwe ndiye aliyekata shauri. Alisema mwacheni apake, kila mtu na anavyolia. Na akatuma aitwe Katekista Gaudens.

Apolinari alisikia jina la katekista likitajwa. Huyo ndiye mwenye ulimi. Akaongeza rangi.

Mama Tusajigwe hakuishia hapo. Jumuiya haiwezi kukaa bila kujua mipango, na kwa kuwa mwenye msiba hasemezeki, alitafuta namba ya Marietha akampigia. Alizungumza kwa upole unaotakiwa. Alisema, dada, sie tumeshafika hapa kwa shemeji, turubai limefungwa, watu wameanza kujaa, nyie upande wenu mtafika saa ngapi. Marietha, ambaye dada yake alikuwa uani anaanika nguo, simu ya dada huyo imezima tangu jana kwa kuwa Kiwalani hapakuwa na umeme, akakaa mlangoni. Alijibu tunakuja. Hakuuliza kitu. Shemeji akifungiwa turubai, unauliza nini tena? Akatoka uani akamwambia Avelina avae haraka, shemeji hajisikii vizuri kidogo. Avelina akamtazama usoni. Naye utaratibu anaujua. Pini ya kuanikia nguo ikamtoka mkononi, na yeye hakuiokota.

Kinyerezi, Katekista Gaudens alikuwa ameshafika. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo hata akisoma matangazo ya kanisani watu wanajuta dhambi zao. Alisalimiana na wote, akaweka kitabu chake kwenye kiti, akaja nyuma alipo Apolinari. Akachuchumaa karibu naye. Watu wote wakageuza shingo.

"Mzee Apolinari," akasema, "weka brashi chini kwanza."

"Bado mguu huu."

"Weka chini, mzee wangu. Tuzungumze."

"Bado mguu, Katekista."

Katekista akautazama ule mguu. Ulikuwa umepakwa mpaka umenenepa kuliko wenzake watatu, rangi inachuruzika inatengeneza kidimbwi chini. Akaelewa kwamba hapa panahitaji subira. Akabaki amechuchumaa, na Apolinari akabaki anapaka, na chini ya turubai watu zaidi ya thelathini, wengi wao wamesimama, wakabaki wanaangalia mguu wa kiti. Apolinari alikuwa anasali, kama unaweza kuita vile kusali. Alikuwa anamwambia Mungu kwamba seti mpya atanunua. Ile ya plastiki, na mito yake, hata kama ndani mna bomba la pazia. Alisema atanunua mbili.

Kilio kilisikika kabla bajaji haijaonekana.

Ni kilio cha mtu mzima, kile cha kutoka tumboni, kinachotaja jina. Kilikuja kinapanda barabara, bajaji ikakunja kona, na kabla haijasimama sawasawa Avelina akashuka, khanga imemponyoka begani, nywele wazi, mguu mmoja una kiatu. Alikuja anayumba kuelekea kwenye turubai, akilia, "Baba Deodata, umeniachia nani mie? Umeniachia nani?"

Hakuna aliyempokea. Kawaida mfiwa akiingia, kina mama wanamdaka, wanalia naye, wanampeleka ndani. Safari hii kina mama waliokuwa wametoka uani walisimama walipo. Mmoja alirudi ndani mbio na mwiko wake, na mpaka leo hajaeleza alikuwa anakwenda kufanya nini. Hashil alisema Subhanallah, akasimama, akakaa tena. Gervas alifanya ishara ya msalaba, akairudia kutoka mwanzo kwa kuwa alianzia bega lisilo lake. Mama Tusajigwe alirudi hatua mbili tatu kinyumenyume, akakalia kiti kibichi cha mstari wa nyuma. Kiti kilistahimili. Kwa vitenge vya siku ile siwezi kusema hivyo.

Avelina akafika katikati ya viti akamwona mumewe. Amechuchumaa, brashi mkononi, rangi ya bluu mpaka kwenye nyusi, mzima. Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Apolinari naye akamwona.

"Nani kafa hapa?" Avelina akauliza.

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mwisho wote wakamtazama katekista, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Tulidhani ni wewe," akasema Katekista Gaudens.

Ilichukua muda kulifungua fundo lile. Avelina akamuuliza katekista aliambiwa na nani, katekista akasema Mama Tusajigwe. Mama Tusajigwe, akiwa bado ameketi kwa kuwa alishahisi ubaridi na hakutaka kugeuka, akasema yeye alimkuta Hashil. Hashil akasema wallahi yeye hakuambiwa na mtu, aliona viti. Alipoulizwa ugonjwa je, akamtazama Apolinari kwa huruma na kusema kwamba hayo ya ugonjwa alielezwa na mwenye mke. Marietha, aliyekuwa analia kwa mpangilio wake pale kwenye bajaji, akaelezwa, akalia zaidi, kisha akacheka, kisha akaanza kutukana kwa Kichaga. Na mara kicheko kikaanza, kwa wanaume kwanza, kikaenda uani, kikarudi. Lakini hakuna aliyeondoka. Mchele ulikuwa umeshaoshwa, na watu wamevaa vizuri. Mama Tusajigwe, kwa kuwa hana pa kwenda katika hali ile, akatangaza kutoka kitini kwake kwamba maadam jumuiya imeshakutanika, zamu ya nyumba hii isomeke imetimia leo.

Avelina hakucheka. Alikuja mpaka kwa mumewe, akasimama mbele yake. Katekista akainuka akajisogeza pembeni.

"Kwa hiyo ulijua nimekufa," alisema kwa sauti ya chini, "ukaendelea kupaka rangi."

Apolinari akafikiri namna ya kulieleza hilo.

"Sikuambiwa," alisema. "Walikuwa wanasubiri niweke brashi chini ndiyo waniambie."

Avelina akautazama mguu wa kiti, ule ulionenepa. Akatazama kidimbwi cha bluu kilichokuwa kimefika kwenye kandambili za mumewe. Machozi yakamwanza tena, safari hii bila sauti. Akachuchumaa. Akaushika mkono wake, na vidole vilikuwa vimeganda kwenye kishikio cha brashi kwa rangi na kwa kukaza, ikabidi avifungue kimoja kimoja. Akaitoa brashi akaiweka chini yeye mwenyewe.

Halafu, bila kugeuka nyuma, akamwambia Marietha kwamba kesho akitoka kanisani aje na lile begi, na nguo zilizoko kwenye kamba azianue, isije mvua ikazikuta.